Mapitio ya Tarehe Kumi na Nne

Pale ofisini, ghorofa ya kwanza juu ya duka la mabomba na masinki, Mwananyamala, hakuna aliyemwita Filomena kwa jina lake. Alikuwa Mama Avelina. Bosi alimwita hivyo, mlinzi alimwita hivyo, na hata wateja waliofika mara moja kwa mwaka kuchukua ripoti zao za ukaguzi waliulizia kama Mama Avelina yupo. Mwenyewe alikuwa mtu wa Newala, miaka arobaini na mbili, mfupi, mwenye mwendo wa haraka kama aliyeacha chungu jikoni. Avelina alikuwa mwanawe wa pekee, na alikwisha kufa kwa selimundu akiwa na miaka saba, lakini mtu havuliwi jina kwa sababu ya msiba. Liliendelea kuitwa pale kila asubuhi, na yeye aliendelea kuitika.

Kampuni ilikuwa ndogo, ya kukagua hesabu za watu: shule za binafsi, maduka ya dawa, vyama vya akiba na mikopo, makanisa mawili matatu. Mwenyewe alikuwa Ferdinand, mtu wa Masasi, na alipenda aitwe CPA Ferdinand mpaka na mkewe. Filomena aliingia hapo miaka kumi na mmoja nyuma kama mpiga chapa. Akapanda akawa mtunza mafaili, mwandishi wa rejista, msoma barua, na mtu wa kuulizwa kila kitu kilipopotea. Kazi ya kiofisi aliijua hadi mifupani.

Naye alikuwa na lake alilolitaka, na kila mtu alilijua. Alitaka kuwa CPA, mhasibu aliyesajiliwa. Mitihani aliifanya kwa miaka tisa, akifeli karatasi moja, akirudia, akifeli nyingine, akisomea vitini jikoni kwake Madale huku mume wake, Albano, akichonga vinyago barazani. Alipofaulu karatasi ya mwisho Albano alilia kama mtoto. Kilichobaki kilikuwa kitabu kimoja tu, kile cha mafunzo kazini. Unajaza ulichofanya kila wiki kwa miaka mitatu, halafu CPA anayekusimamia anaandika maoni yake ukurasa wa mwisho na kutia saini, na Bodi ya wahasibu inakusajili. Filomena alikijaza kitabu chake bila kuruka wiki hata moja. Mwezi wa kwanza mwaka 2024 alimpelekea bosi wake kwa mikono miwili.

CPA Ferdinand akakitia kwenye droo, na hapo ndipo danadana ilipoanza. Leo amekisoma nusu, kesho ana kikao, keshokutwa kalamu yake nzuri ameiacha nyumbani. Wala hakuwa na sababu ya maana. Alijua tu kwamba siku Mama Avelina atakaposajiliwa, ama ataondoka, ama atakaa pale akitaka kuheshimiwa, na yote mawili yangemsumbua. Wako wakubwa wa namna hiyo, watu wanaokuzuia mlangoni huku wanakuchekea. Mimi siwapendi na sioni kwa nini nifiche.

Mwezi wa nane ikaja barua ya Bodi. Wakaguzi wa wakaguzi wangefika baada ya wiki tatu, kuangalia kama kampuni inafuata utaratibu wa ubora. Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Kabla ripoti ya ukaguzi haijasainiwa, mtu mwingine ambaye hakushiriki kazi ile hata kidogo lazima alisome faili lote, aulize maswali, ajaze fomu ya mapitio yenye kurasa nne, aweke tarehe na saini. Ni jicho la pili. Pale kwa CPA Ferdinand jicho la pili lilifumbuka kila barua ya Bodi ilipokuja. Faili za miaka miwili zilijaziwa fomu kwa wiki mbili, na kazi hiyo wenyewe waliiita kuvalisha mafaili.

Filomena alikuwa fundi wake. Alibadilisha kalamu ili fomu zisionekane ndugu wa tumbo moja. Nyingine alizianika dirishani jua likazipausha, nyingine alizikunja pembe. Aliandika maswali ya kweli ambayo mpitiaji angeuliza, na majibu ya kweli ambayo angejibiwa, mpaka Salumu, kijana aliyekwenda kwa wateja kufanya ukaguzi wenyewe, alimtania kwamba fomu za uongo za Mama Avelina ni bora kuliko fomu za kweli za makampuni makubwa ya mjini. Alijua anachofanya ni kosa. Alijiambia kwamba kitabu kikishasainiwa, hatavalisha faili tena maisha yake yote.

Siku ya nne wakafika kwenye faili la chama cha akiba na mikopo cha wauza samaki wa Boko. Hesabu za mwaka 2022. CPA Ferdinand alikuwa amekaa na kalenda ya zamani mezani, akilipangia kila faili tarehe yake. Barua ya mwisho kutoka kwa mteja ilipokelewa Jumatatu tarehe kumi na tatu Machi 2023, na ripoti ilisainiwa Ijumaa tarehe kumi na saba. Kwa hiyo mapitio lazima yaangukie katikati. Na aliyepitia asiwe bosi, kwa sababu ndiye aliyesaini ripoti, wala asiwe Salumu, kwa sababu ndiye aliyefanya kazi. Alibaki mtu mmoja tu ambaye hakuligusa faili lile.

"Wewe hukuligusa kabisa," CPA Ferdinand alisema, na alifurahi kweli. "Safi. Andika tarehe kumi na nne."

Filomena alishika kalamu. Ni kweli hakuligusa. Wiki ile yote hakuwa ofisini.

"Bosi, hiyo tarehe kumi na nne," alianza.

"Ina nini? Jumanne. Siku ya kazi."

Filomena akamtazama, akangoja akumbuke. Maana Jumanne ile, saa nane mchana, CPA Ferdinand alikuwa amesimama Madale kwenye makaburi ya mlimani, shati jeupe, miwani ya jua mkononi. Alikuja na bahasha ya rambirambi. Alipewa nafasi ya kutoa salamu za ofisi, akasema vizuri, akasema kampuni ni familia moja na msiba huu ni wa wote. Watu walimsifu. Katekista alipomaliza sala, bosi akainama, akachukua udongo kwa mkono wa kulia, akautupia juu ya jeneza dogo la rangi ya maziwa ambalo Albano alilitengeneza mwenyewe. Filomena alikuwa ameshikwa mabega na wanawake wa jumuiya, lakini ule mkono aliuona.

CPA Ferdinand alifungua faili linalofuata. Alikuwa amesahau. Hakuwa anajifanya. Alisahau kama mtu anavyosahau bei ya nyanya ya mwaka juzi.

Angeweza kusema, tena maneno machache tu: bosi, siku ile nilikuwa namzika mwanangu na wewe ulikuwepo. Lakini kitabu kilikuwa kwenye droo iliyokuwa kando ya goti la yule mtu, na asubuhi ile ile alikuwa ameahidi kwamba wakaguzi wakishaondoka salama, atakisaini siku hiyo hiyo. Akaandika tarehe. Akatia saini. Mkono uliandika kama siku zote, na hilo ndilo lililomtia hofu. Jioni akiwa anakuna nazi nyumbani alijaribu kuutazama mkono ule, akaona ni mkono wake tu.

Wakaguzi walifika wawili. Mkubwa wao aliitwa Bi Raudha, mama wa makamo, mwenyeji wa mji huu, mtandio wake haukuteleza hata mara moja na sauti yake haikupanda hata mara moja. Alisalimia mpaka mlinzi. Alikunywa chai yao, akasifia vitumbua. Siku ya kwanza na ya pili alisoma fomu za mapitio bila kusema neno, na CPA Ferdinand akaanza kutembea kifua mbele. Huku nyuma, siku nzima, sauti ni ile ile: Mama Avelina lete faili, Mama Avelina funguo iko wapi, Mama Avelina hebu msaidie Bi Raudha na mashine ya kunakili.

Siku ya tatu Bi Raudha aliomba rejista ya likizo.

Mafaili thelathini na moja yalikuwa yamevalishwa. Rejista ya likizo hakuna aliyeikumbuka, kwa sababu ndicho kitabu pekee pale ndani kilichokuwa cha kweli, na kitu cha kweli hakikuwa kikiwapa watu wale wasiwasi. Filomena aliiandika mwenyewe kwa miaka kumi na mmoja, mistari imenyooka, kila siku ya kila mtu ipo mahali pake. Alikuwa akijivunia rejista ile. Aliipeleka chumbani kwa wageni haraka haraka, akiwa tayari kusifiwa, na alipokuwa mlangoni akitoka ndipo alipoikumbuka ile wiki ya Machi.

Hakuitwa siku hiyo. Aliitwa kesho yake, saa nne asubuhi. CPA Ferdinand alisema kama mwenye kampuni anayo haki ya kuwepo, akavuta kiti akakaa karibu na dirisha, mguu juu ya mguu. Bi Raudha aliweka fomu ya wauza samaki wa Boko mezani, na pembeni yake rejista, imefunguliwa. Alimuuliza Filomena kama saini ni yake. Akajibu ni yake. Akamuuliza kama mwandiko wa rejista ni wake. Ni wake. Basi Bi Raudha akaweka kidole taratibu chini ya mstari. Tarehe kumi na tatu hadi kumi na sita Machi, siku nne, Filomena. Sababu: msiba wa mtoto.

Akamweleza bila haraka kwamba kitu kimoja kati ya hivi viwili hakiwezi kuwa sahihi. Akamwambia pia, na alimwangalia yeye peke yake alipokuwa akisema, kwamba kama fomu ilijazwa baadaye kwa maagizo ya mtu, Bodi haina shida na mtumishi aliyeagizwa. Ina shida na aliyeagiza.

Huo ulikuwa mlango, umefunguliwa wazi kabisa. Filomena aliuona. Alimwona na CPA Ferdinand pia, ambaye sasa alikuwa ameshusha mguu. Uso wa yule mtu ulikuwa umepauka. Alikuwa amekumbuka. Alimtazama tu Mama Avelina, na ndani ya macho yale kulikuwa na droo, na ndani ya droo kulikuwa na miaka mitatu na mingine tisa.

"Nilikuwepo ofisini," Filomena alisema. "Rejista ndiyo niliyokosea. Niliandika siku, kisha sikuzitumia."

"Imeandikwa msiba wa mtoto," Bi Raudha alisema. "Mtoto wa nani?"

Nje mtu wa duka la chini alikuwa anakata bomba kwa msumeno. Filomena alisikiliza mpaka bomba likaisha.

"Wa jirani," akasema.

Bi Raudha hakuandika mara moja. Alikuwa amekaa pale siku nne akilisikia jina lile likiitwa kila kona, na hakuwa mjinga. Akamuuliza kama ana hakika. Akajibu ana hakika. Basi akaandika alichoambiwa, akaigeuza karatasi, akampa aisome na kuisaini, kwa kuwa kazi yake ni ushahidi na ushahidi aliokuwa nao sasa ulikuwa huo. Filomena alisoma maneno yale. Mtoto wa jirani. Akasaini. Alipokuwa anainuka, Bi Raudha alimwambia polepole, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeaga, "Pole sana, Mama Avelina." Ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo.

Majibu ya Bodi yalikuja baada ya wiki tano. Kampuni ilikuwa imepita. Palikuwa na dosari moja ndogo tu, kwamba rejista ya likizo si ya kuaminika, irekebishwe na Bodi ipelekewe nakala. CPA Ferdinand aliagiza pilau na soda kwa ofisi nzima. Alimpaka Mama Avelina mafuta kwa mgongo wa chupa mbele ya wote, akasema mwanamke huyu ni nguzo, halafu akamnong'oneza arekebishe kwanza ile rejista, kisha aje amwone kuhusu kitabu.

Makosa kwenye kumbukumbu za hesabu hayafutwi kwa kifutio wala kwa wino mweupe. Unapiga mstari mmoja mwembamba juu ya neno, ili lililokuwepo lisomeke, unaandika la sahihi pembeni, unaweka tarehe na herufi za jina lako. Filomena aliwahi kuwafundisha hilo vijana wengi waliopita pale. Alichukua rula na wino mwekundu. Akapiga mstari juu ya siku nne. Akapiga mstari juu ya msiba wa mtoto. Pembeni akaandika: alikuwepo kazini. Aliifanya kazi hiyo vizuri, kama alivyofanya zote. Halafu alikwenda chooni, akajifungia, akauma kanga mdomoni ili Salumu asisikie.

Alipoingia kwa bosi, kitabu kilikuwa mezani, nje ya droo kwa mara ya kwanza tangu Januari. CPA Ferdinand alikuwa amevaa miwani ya kusomea. Alikuwa amekwisha kujaza sehemu ya uwezo wa kazi: mzuri sana. Sehemu ya bidii: mzuri sana. Filomena aliziona kwa upande alikosimama. Kalamu ilifika sehemu ya tatu, ya mwisho, ikasimama.

"Hapa wananiuliza uadilifu," CPA Ferdinand alisema. "Wananiuliza kama wewe ni mtu mkweli."

Filomena aliitazama ile kalamu.

"Mama Avelina, mie nilikuwepo Madale siku ile. Nilitia udongo kwa mkono huu. Halafu nimekaa pale dirishani nakusikia unasema mtoto wa jirani." Alivua miwani. Alionekana ana huzuni, na jambo baya kuliko yote ni kwamba pengine alikuwa nayo kweli. "Sasa mie nitaandikaje hapa?"

"Bosi, tarehe ulinipa wewe."

"Tarehe nilikupa. Sikukutuma umkane mwanao."

Mtu anapodhulumiwa huwa na cha kushika, hata kama ni hasira yake tu. Filomena alitafuta cha kushika hakukiona. Maana alilosema yule nyoka lilikuwa kweli. Hakuna aliyemwambia aseme hivyo. Bi Raudha alimfungulia mlango, bosi alinyamaza, na neno lile lilitoka kinywani mwake mwenyewe, bila kutumwa. Kama angekuwa yeye ndiye CPA, na kitabu kile ni cha mtu mwingine, angeiacha sehemu ile wazi vile vile.

CPA Ferdinand alimweleza kwamba hamkatai. Atamtazama mwaka mwingine, miwili, halafu wataanza kitabu kipya. Akakifunga kile cha zamani, akampa, na akamkumbusha kwamba nakala ya rejista iende Bodi kabla ya Ijumaa. Ilienda Alhamisi.

Jioni ile Albano alikuwa barazani, vumbi la mpingo miguuni, na alipomwona mkewe anapanda kilima na kitabu kwapani alisimama. Kwa miezi tisa alikuwa hajakiona. Akasema kwa sauti, majirani wasikie, kwamba CPA amerudi. Filomena aliingia ndani moja kwa moja. Albano akamfuata, akakifungua kitabu, akakuta ukurasa wa mwisho hauna saini.

Akafura. Akasema kesho asubuhi anakwenda Mwananyamala kumuuliza huyo Ferdinand, mtu wa nyumbani kabisa, mtu aliyekula na kunywa kwenye msiba wao, akaeleze kwa nini. Filomena alimshika mkono. Akamwomba asiende. Alimwomba mara tatu, mpaka Albano akashangaa, kwa sababu mkewe hakuwa mtu wa kuomba.

"Kuna kipengele nilishindwa," akamwambia.

"Kipengele gani?"

"Cha kazi tu. Huwezi kukielewa. Nimeambiwa ningoje mwaka, miwili."

Albano alikaa kwenye kigoda. Alikuwa mtu mwema, na hakujua pa kuipeleka hasira iliyobaki, kwa hiyo aliigeuza huruma. Alimwambia wasivunjike moyo, miaka miwili si mingi, wamevumilia makubwa kuliko hayo. Akamwambia, "Avelina huko aliko anakuona unavyohangaika. Anajivunia mama yake."

Filomena aliitika. Akasema wali uko tayari, anawe mikono.